Dakika Tisini na Sita

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku ya mia mbili na kumi na nne tangu mwanafunzi wangu akalie kiti changu. Nahesabu. Asinikataze mtu.

Leo tena kanisalimia mbele ya idara nzima. "Shikamoo Mwalimu." Kwa mikono miwili, kichwa kimeinama. Nikaitikia marahaba meno yameumana. Shikamoo ya bosi ni kofi lililopakwa mafuta.

Miaka kumi na minane iliyopita hakujua mbele ya darubini wala nyuma yake. Nilimfundisha mimi! Mke wangu alimlisha kila Jumapili mezani kwetu. Leo yeye ni Mkuu wa Idara ya Elimu ya Nyota, na mimi ni mhadhiri mwandamizi, cheo kilekile nilichokuwa nacho siku anaingia darasani. Wanafunzi wananiita Profesa Mtarajiwa. Wanadhani sisikii.

Habari ya mkutano: data zimefika. Darubini ya eksirei, ile inayoelea huko juu, imezitazama nyota pacha zetu kwa siku mbili mfululizo. Pacha hizo moja ni nyota ya nyutroni. Yaani nyota iliyokufa, ikajikunyata mpaka upana wa mji mmoja, lakini kwa uzito inalishinda jua. Mwenzake ni kubwa, laini, pole. Ile ndogo inamnyonya huyu mkubwa bila kupumzika, na kila tonge la gesi likiangukia kwake hutoa eksirei. Nilipomweleza mke wangu, aliuliza kama wamefunga ndoa.

Mkuu kasema tusiziguse. Hazijasafishwa. Yeye anaondoka mchana huu kwenda kumuuguza mama yake anayepasuliwa macho. Akirudi Jumatatu tutazifungua pamoja, timu nzima, watu sita. Kisha akanikabidhi funguo. Mimi! Kaimu Mkuu wa Idara, wiki nzima! Akasema mbele ya watu kwamba hana anayemwamini kama mwalimu wake.

Watu sita. Ugunduzi mmoja ukigawiwa watu sita, kila mtu analamba kijiko. Maombi ya uprofesa yanafungwa tarehe 31. Hii ni mara yangu ya tatu. Mara zote mbili kamati iliniuliza swali moja: umegundua nini?

Nina wiki. Nina funguo.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimekalia kiti cha Mkuu. Kinazunguka. Cha kwangu hakizunguki. Saa nzima imepotea hapo.

Faili zimegoma kufunguka. Mimi ni mtu wa darubini za kioo, za ardhini, za kuinama ukatazama kwa jicho lako. Niliacha kushika data miaka kumi na minne iliyopita ili nitumikie kamati. Kamati ya samani, kamati ya maegesho, kamati ya kupunguza kamati. Wakati ule faili zilikuwa na majina ya kibinadamu. Hizi zina herufi thelathini na hakuna hata irabu mbili za kutamkika.

Nikamwita fundi wa kompyuta. Mtu wa maneno machache, mfuko wa shati umejaa kalamu. Kauliza nataka data zilizosafishwa au ghafi. Nikajifanya najua, kisha nikauliza tofauti yake nini. Akaeleza kwamba kusafisha ni kuziondoa zile dakika ambazo darubini ilikuwa haioni kitu, ila programu ya kusafishia anayo Mkuu, itabidi aandikiwe.

Hapana! Asisumbuliwe, anauguza. Mimi enzi zangu nilisafisha data kwa macho haya mawili. Nipe ghafi.

Akaomba nimwandikie. Eti ndio utaratibu. Mtu wa nyaya anadai maandishi kwa Kaimu Mkuu! Nikamwandikia mstari mmoja: anipe data ghafi, na Mkuu asiambiwe mpaka nimwambie mwenyewe. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni nyuma ya kalamu.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Jicho halizeeki!

Grafu imetoka saa nne asubuhi. Eksirei zinakuja, zinakuja, zinakuja, mara pap! Giza. Nusu saa na ushee. Kisha zinarudi. Kisha giza tena. Nimepima kwa rula kwenye kioo cha kompyuta. Nimechapisha karatasi nikapima tena. Nimepima kwa uzi. Kutoka giza hadi giza ni dakika tisini na sita. Siku mbili, mara thelathini, haikukosea hata moja.

Maana yake iko wazi kama kipara. Nyota kubwa inapita mbele ya ndogo na kuifunika. Kupatwa! Pacha wanaozungukana kwa dakika tisini na sita! Wanaokimbia hivyo ni wachache mno, na hawa hawajaonwa na watu sita wala na programu. Wameonwa na Profesa Mtarajiwa na rula yake.

Nikafunga mlango nikacheza. Kiti nacho kikazunguka. Katibu muhtasi akagonga kuuliza kama nimeanguka.

Sasa naelewa kwa nini tulikatazwa kuzigusa. Alijua! Alitaka arudi, akae mbele, "agundue" huku watano wengine tukipiga makofi. Na mama kupasuliwa macho wiki hiihii. Mjanja yule.

Nyumbani nimemwambia mke wangu kwamba mambo mazuri yako njiani. Mke wangu ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Kutwa anasikiliza visingizio vya watoto mia nne, kwa hiyo hashtuki ovyo. Kauliza kama Mkuu anajua. Nikasema atajua. Kauliza mama wa watu anaendeleaje. Nikasema sijauliza.

Akaweka kikombe chini taratibu. Akanikumbusha kwamba mapazia haya niliyoketi mbele yake alitushonea yule bibi, na hakutaka hata asante.

Nimeyatazama mapazia. Ya kawaida tu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Kuna ubao mtandaoni ambao wataalamu wa nyota wote husoma. Mtu akiona jambo la haraka anaandika aya mbili, anatuma, na kabla ya jioni dunia nzima inajua. Hakuna anayehakiki. Hapo ndipo utamu wake ulipo.

Aya mbili nimezimaliza kwa nusu saa. Majina yamenila asubuhi yote.

Nilianza na sita, kwa haki. Mtakwimu hakunialika kwenye harusi ya binti yake. Nje. Mhadhiri wa chumba cha pili huacha mlango wa jokofu wazi. Nje. Wanafunzi wawili wa shahada ya juu bado wana umri, watagundua vyao. Nje. Nikabaki na Mkuu. Kwanza nikaweka jina lake la pili. Nikaliangalia. Nikalisogeza chini. Halikutulia. Mwishowe nikalishusha kwenye shukrani: kwa msaada wake wa kiofisi. Heshima kubwa hiyo. Wangapi hukumbuka kushukuru ofisi?

Juu limebaki jina moja. Limekaa kwa nafasi. Linapumua.

Fundi alipita kubadilisha waya akaiona grafu. Alisimama muda mrefu kuliko waya ulivyohitaji. Kisha akauliza kama nimeilinganisha na ratiba ya darubini yenyewe. Nikamwambia kila mtu na fani yake, mimi siingilii nyaya zake. Akasema sawa Mwalimu. Akatoka.

Wivu hauchagui cheo!

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Saa tatu na dakika kumi asubuhi nimetuma. Saa tatu na dakika kumi na moja nimefungua ubao kuangalia kama kuna aliyejibu.

Saa tano simu ya Mkuu. Nikafunga mlango kabla ya kupokea. Kumbe ananijulia hali tu. Operesheni imekwenda vizuri. Mama kafungwa bandeji macho yote mawili, hataona mpaka Jumapili, na ananisalimu sana. Nikasema huku shwari kabisa. Akasema asante Mwalimu, bila wewe nisingeweza kukaa na mama. Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Ananisuta kwa hisani. Mbinu ya zamani hiyo.

Nimewaza zaidi. Tangazo peke yake halitoshi. Kamati ya uprofesa haisomi ubao wa nyota, ila redio inasikiliza. Na mimi nina shemeji redioni! Kaka wa mke wangu, mtangazaji wa kipindi cha asubuhi. Hatujasemeshana tangu nimwambie kwamba kutaja saa kila baada ya wimbo si taaluma. Nimemwandikia ujumbe mrefu. Nimemwita muungwana. Nimemwita sauti ya taifa.

Kajibu baada ya dakika mbili: "Njoo kesho, shem." Mtu mwepesi kusamehe. Udhaifu mkubwa.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Suti nyeusi. Kifungo cha kati kimekataa. Nimekumbuka nikiwa ndani ya studio kwamba redioni hawakuoni.

Shemeji kanitambulisha kwa wasikilizaji kama profesa. Sikumkatiza. Kipindi kinakwenda moja kwa moja, si adabu kumsahihisha mtu hewani.

Nilikuwa moto! Nikasema kijiko kimoja cha nyota ya nyutroni kina uzito wa mlima, na mafundi mitambo wakaacha midomo wazi nyuma ya kioo. Nikasema hewa yetu huzizuia eksirei, ndiyo maana darubini yake haikai ardhini kama zile zilizonilea, bali huizunguka dunia huko juu. Nikasema mimi niliona giza. Mimi nikapima. Mimi nikatambua.

Shemeji hana elimu ya nyota, ila ana udadisi. Akauliza hiyo nyota inafunikwa mara ngapi kwa siku. Nikasema kumi na tano. Akauliza, na hiyo darubini inaizunguka dunia mara ngapi kwa siku? Jibu nilikuwa nalo, nimelisoma kwenye kijitabu cha darubini. Nikasema kumi na tano.

"Ajabu!" akasema shemeji.

Nikasema mbingu zimejaa maajabu.

Akapiga wimbo.

Simu hazikukatika hadi jioni. Mwenye duka la dawa katoka nje kunipa mkono. Makamu Mkuu wa Chuo kaandika: "Hongera Prof." Prof! Nimemwonyesha mke wangu. Kausoma ujumbe mara mbili akanirudishia simu. Akauliza kwa nini nilisema "mimi" mara thelathini na nane na "sisi" hata mara moja hapana.

Kumbe alikuwa anahesabu. Ualimu haumtoki mtu.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Barua pepe ya kwanza kutoka ng'ambo. Fupi. Mtaalamu asiyenijua ananiuliza, kwa upole wa kutisha, kama nimezingatia kwamba darubini ile huizunguka dunia kwa dakika tisini na sita, na kwamba katika kila mzunguko dunia yenyewe huingia kati yake na nyota kwa nusu saa na ushee.

Nimeisoma nimesimama. Nimeisoma nimekaa.

Sadfa! Kwani nyota imekatazwa kuwa na dakika tisini na sita? Mtaa huu una magari mawili ya rangi moja, nani amewashtaki wenyewe? Nikakimbilia ofisini. Dawa ya shaka ni kipimo. Nikafungua data za nyota nyingine, iko pembe nyingine kabisa ya anga, ilitazamwa na darubini hiyohiyo wiki moja kabla. Nikapima.

Tisini na sita.

Ugunduzi wa pili! Niliruka, sitaficha. Pacha hawa na pacha wale, mwendo mmoja! Hii si nyota tena, hii ni kanuni ya maumbile! Nilishaandika kichwa cha habari, na kanuni nimeipa jina langu. Nikafungua ya tatu ili kanuni ipate mguu wa tatu. Tisini na sita. Nikafungua ya nne.

Ya nne si nyota. Ni wingu. Mabaki ya nyota iliyolipuka zamani, moshi mtupu, halina pacha, halina mwenza, halimzunguki mtu. Limewaka. Limezimika. Limewaka. Dakika tisini na sita.

Rula ilianguka. Sikuiokota.

Nimekaa mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nafunga. Nimegundua dunia. Ndiyo iliyopita mbele ya ile nyota mara thelathini, na mimi nikiwa humohumo ndani yake na uzi wangu.

Barua zimefika kumi na moja. Ya saba haina maneno. Ina picha ya dunia.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Asiyekubali kushindwa si mshindani, wanasema. Walioitunga methali hiyo walikuwa wameshindwa tayari. Nimeamka na mpango.

Fundi alinipa faili zisizofaa. Basi! Ukiutazama vizuri, ni ukweli. Nikawahi kazini, nikaandika ripoti ya kurasa mbili kwenda utawala kabla Mkuu hajafika, nikitumia ukaimu wangu uliobakiza saa mbili. Nikapendekeza apewe onyo la maandishi. Nikaongeza kwamba ana tabia ya kuuliza maswali yaliyo nje ya fani yake.

Utawala ukamwita. Hazikupita dakika tano. Akachomoa kile kikaratasi, akakikunjua mara nne.

Sasa utawala una nakala. Mkuu ana nakala. Katibu muhtasi, kwa jinsi anavyonitazama, naye ana nakala.

Nikakutana na fundi kwenye ngazi. Nikajiandaa kutukanwa, nilikuwa na jibu. Hakutukana. Alisema ana miaka ishirini na miwili hapa chuoni, hajawahi kuitwa utawala hata siku moja. Na leo mkewe kampigia akiwa amekaa kwenye lile benchi la nje ya utawala, ikabidi amwambie yuko wapi.

Akashuka.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Mkuu kaniita. Kiti nilikuwa nimekirudisha urefu wake. Hakupaza sauti. Heri angepaza, nilikuwa nimejiandaa kwa kelele.

"Kwa nini hukunisubiri, Mwalimu?"

Nikaanza na historia ya idara. Akaniacha nimalize. Kisha akanisimulia Jumamosi yake. Alikuwa wodini. Redio ya wodi inaongea peke yake pale dirishani. Mama yake, bandeji machoni, akaitambua sauti yangu, akawanyamazisha wagonjwa wote. Huyo ndiye mwalimu wa binti yangu, akawaambia, hebu msikilizeni. Wakasikiliza mpaka mwisho. Wakapiga makofi, hata wa kitanda cha kona ambaye mkono mmoja ulikuwa kwenye dripu alipiga paja. Na binti amesimama hapo katikati ya makofi, yeye peke yake wodi nzima ndiye anayejua ile kumi na tano mara mbili maana yake nini.

"Sikumwambia," akasema. "Mpaka leo sijamwambia."

Nikauliza macho yanaendeleaje. Akasema yanaona.

Kisha tukaingia kwenye kazi. Kamati ya darubini imeandika. Data za timu zimetangazwa bila ruhusa ya timu, tena hazijasafishwa, kwa hiyo timu nzima inanyang'anywa zamu yake ijayo ya kuitumia darubini. Na zamu hiyo si ya kuchezea. Pacha wetu wameanza kuchafuka. Ile nyota ndogo ikila kupita kiasi huwaka ghafla, wiki chache tu, halafu hulala miaka mingi, hakuna ajuaye mingapi. Ikiwaka ndipo yale yaliyojificha huonekana. Wanafunzi wetu wawili wamejenga shahada zao juu ya wiki hizo.

Kuna mlango mmoja umeachwa wazi. Aliyefanya aandike mwenyewe, kabla ya Ijumaa, kwamba alifanya peke yake na timu haikujua. Jina lake litaondolewa. Timu itabaki na zamu.

Mistari mitatu tu, Mwalimu, akasema. Nakuomba.

Nikasema nitalitazama hilo.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Rasimu ya kwanza, kurasa nne. Inaanza na utoto wangu. Rasimu ya pili, kurasa mbili, inahoji kwa nini darubini izunguke kwa dakika tisini na sita, muda unaofanana sana na wa nyota. Rasimu ya tatu, ukurasa mmoja, inasema kosa lilitokea. Limetokea tu, kama mvua.

Nilimpa mke wangu azisome. Akachukua kalamu nyekundu. Akafika mwisho wa ya tatu akauliza hii ni barua ya kukiri au ya kudai. Nikasema nina heshima yangu ya kulinda.

Akasema heshima. Akasema kaka yake ametolewa kwenye kipindi cha asubuhi. Wasikilizaji wameandika kwamba alileta mwongo hewani akamwita profesa. Sasa amewekwa kwenye habari za hali ya hewa, jioni.

Sikujua! Alikuwa anakaa nalo tangu Jumatatu. Nikasema shemeji angeniuliza vizuri zaidi, mbona lile swali la mara ngapi aliliuliza halafu akaliacha njiani.

Mke wangu akazisukuma pembeni rasimu zote tatu. Akachana karatasi ya daftari, akaandika mistari mitatu kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, herufi mviringo, kila nukta mahali pake. Akaiweka mbele yangu kama anavyomwekea mtoto aliyevunja dirisha la darasa. Akavuta kiti, akakaa.

Chai ikapoa. Yeye yupo tu.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nimetuma. Mistari mitatu. Nilitaka kuongeza wa nne, wa muktadha, lakini alikuwa amesimama nyuma ya bega langu na koti lake la kazini.

Alipoona imekwenda akaenda chumbani akafunga begi dogo. Shule inafunga kesho. Anakwenda kwa mama yake Mkuu, kumpikia na kumsomea magazeti mpaka macho yazoee mwanga. Wiki mbili hivi.

Nikauliza, na mimi nitapikiwa na nani?

Swali la kawaida kabisa! Kila nyumba linaulizwa! Akafunga zipu. Akasema basi tusiseme wiki mbili, tuseme tutaona.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Timu imebakiziwa zamu. Mlangoni kwao kuna orodha mpya, majina matano. Tundu la pini ya jina langu bado liko pale kwenye ubao.

Nimepangiwa darasa la mwaka wa kwanza. Mada: mizunguko ya setilaiti. Sijaelewa kama ni bahati mbaya au ni ujumbe.

Fundi hunipita kama anavyoipita nguzo. Leo nilimwambia kompyuta yangu haiwaki. Akaja, akaiwasha, akaondoka, hata kikohozi hakikumtoka.

Na ukumbini nikakutana na Mkuu. "Habari za asubuhi," akasema. Sauti nzuri tu, haina kinyongo. Nikabaki nimesimama na marahaba yangu mdomoni. Haikuwa na pa kwenda.

Ijumaa, tarehe 28 Machi

Wamepata.

Nimesikia kupitia ukutani. Kwanza kimya, kisha kiti kikaanguka, kisha mtu akapiga kelele kama mpirani. Nyota ile imewaka kama walivyosema, darubini imeitazama, wamesafisha data, wamezipanga kwa kufuata saa ya darubini, na katikati ya makelele yote wamekuta mapigo. Nyota ya nyutroni inajizungusha mara mia nne na kumi na mbili kwa sekunde moja. Kwa sekunde moja! Kitu kizito kuliko jua! Na hakuna aliyekuwa anajua.

Nilitoka kwenye korido nikiwa na karatasi za mtihani wa mwaka wa kwanza. Mlango wao ulikuwa wazi nusu. Yule mtakwimu analia. Wanafunzi wawili wamekumbatiana. Fundi yumo ndani, kaletewa kiti, kalamu zake zimemwagika sakafuni na hakuna anayeziokota. Mkuu yuko kwenye simu, spika imewashwa. Anasema, "Mama. Mama, sikiliza." Kwa nyuma, kwenye simu hiyohiyo, nikasikia mtu mwingine akipiga kigelegele. Nakijua kigelegele hicho. Ni cha mke wangu.

Mtu akausukuma mlango ukafunga. Hakunifungia mimi. Hakuniona.

Jumatatu, tarehe 31 Machi

Maombi ya uprofesa yanafungwa leo. Nimekaa na fomu tangu asubuhi. Nyumba kimya, hakuna wa kunivuruga, na nimelipima jambo hili kwa utulivu, bila jazba, kisayansi.

Hesabu ni hii. Bila zamu wasingeona mapigo. Bila ungamo wasingepata zamu. Ungamo ni la nani? La kwangu. Kwa hiyo yale mapigo mia nne na kumi na mawili, yote, yamesimama juu ya mistari mitatu ya kwangu. Nimeikagua hesabu mara mbili. Haina tundu. Mke wangu aliandika kwa mkono tu, na mkono si mwandishi. Sahihi ndiyo mwandishi.

Nashangaa hakuna hata mmoja aliyekuja kunishukuru!

Pale kwenye swali la umegundua nini, nimejaza ukurasa na nusu. Chini yake ni machapisho, sehemu ambayo imenitoa jasho miaka kumi na minne. Leo kalamu haikusita. Kichwa: Barua kwa Kamati ya Darubini. Kurasa: moja. Waandishi: mmoja.

Mwishoni fomu inataka mtu wa kunithibitisha, mwenye cheo, anayeijua kazi yangu kwa karibu. Nimeandika jina la Mkuu.

Sijamwambia. Nitamwambia nikishatuma.